Nimenasa juu ya uzio

Tamsin, nimenasa. Nimenasa kweli! Niko juu ya ngazi ya kuvukia uzio, mguu huku, mguu kule, suruali imeshikwa na msumari, keki mkononi.

Si yale matembezi ya Jumapili na mchumba wangu Rufus na wazazi wake? Baba yake, yule mwalimu mstaafu, kaniambia, "Vuka 'nimbly', binti!" Yaani kwa wepesi na madaha. Nikajitia kuruka. Ndo hivi sasa.

Nikasema, "Mzee, nimekwama." Unajua kanijibu nini? "Hilo neno 'nimbly' lina asili nzuri sana." ASILI, Tamsin! Eti limetoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya "kuchukua". Zamani lilimhusu mtu mwepesi wa kudaka, baadaye ndo likahamia kwenye mwendo.

Nyuma yangu watu wamepanga foleni. Foleni, malishoni! Hakuna anayenigusa. "Usijali dada, hatuna haraka." Rufus anatazama viatu vyake.

Nikapiga kelele, "Basi nichukue mimi, baba!"

Akanyoosha mkono. Nikamshukuru Mungu.

Akachukua keki niliyobeba, isije ikaanguka.

Sasa foleni nzima inaila. Mimi bado niko juu.