Matete ya Kutandika Paa

Jumatano, 15 Oktoba 1975
Nimemaliza kukandika ukuta wa mwisho wa tembe letu hapa kijijini. Mgongo unauma, roho imetulia. Limebaki paa. Boriti zipo, bado matete ya kutandika kabla ya kumwaga udongo. Keshokutwa mtoni.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimerudi mikono mitupu. Tangu tuchimbe lambo la kukinga maji kule juu, mto haujafurika misimu miwili. Matete ya ukingoni yamekauka, ukiyakanyaga yanavunjika. Katikati ya mchanga, palipokuwa na maji ya kiuno, imeota migunga, inanifika kifuani. Mto umegeuka pori. Na lambo nimelichimba mwenyewe, tena kwa kuimba. Nina hasira, sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 26 Oktoba
Jirani yangu Yusufu kanishauri nitandike nyasi. Nimekataa. Nyasi zinaoza, udongo unadondokea kwenye ugali. Baba aliezeka kwa matete, akazeekea chini yake. Mke wangu, Mama Neema, anasikiliza huku anacheka kichinichini. Simwelewi. Mawingu yameanza upande wa Mkiwa.

Jumamosi, 8 Novemba
Manyunyu ya kwanza. Tumekula chini ya boriti tupu, mvua ikatuongezea mchuzi. Mama Neema akaweka bakuli chini.
"Baba Neema, chukua mundu. Twende lamboni."
Nikamfuata. Pale maji yanapoingilia lambo, matete yamejaa, marefu kunizidi. Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule wa kuchimba alibeba kikapu cha vishina vya matete kutoka mtoni, akavifukia topeni. Kwetu hakuna anayepanda matete, mto ndio huyaotesha. Nilimcheka mbele ya wanaume wote, nikamuuliza kama atayapalilia pia.
Nimeona haya. Nimemwambia hivyo hivyo, tukiwa tunakata. Kanitwisha mzigo mkubwa kuliko wake, nikaubeba kwa furaha.

Jumapili, 16 Novemba
Udongo wa mwisho umepanda juu. Nimeushindilia hadi nyayo zikafa ganzi.

Jumatatu, 17 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Ndani kukavu. Mama Neema anachambua mlenda, ameketi katikati ya chumba makusudi.
Mvua ilipokatika nimechimba vishina, kikapu kimoja, nikavipeleka ukingo wa pili wa lambo. Yusufu kaniona nimejitwisha kichwani, akacheka sana. Nimemwacha acheke.