Kinene au Chembamba

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kile kitabu ulichonitumia nimekimaliza, na sasa sitaki mwandishi mwingine. Anaandika habari za majoka na milima inayohama kama vile ameviona kupitia dirisha la jikoni kwake.

Nilimsomea Bibi kwa sauti, maana macho yake yamezidi kufifia. Unajua mbele za watu sauti hunikauka, lakini Bibi hanipi hata nafasi ya kuona haya. Nilipofika pale joka linapolala miaka elfu, alinikatiza: "Halijalala hilo! Linajifanya, kama babu yako nikimtuma sokoni." Kurasa mbili mbele, joka likafumbua jicho moja. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Umeuliza utume kipi kati ya vile viwili ulivyoviona dukani: chembamba, au kile kinene kama tofali, chenye vitabu sita vya kukifuata. Nilimuuliza Bibi. Akasema, "Mwambie mama yako mdogo alete chembamba. Nataka niujue mwisho wake."

Amenikataza kukuandikia habari za kifua chake, eti utaacha kazi bure. Kwa hiyo sijaandika.

Mimi naomba kinene. Usikitume kwa posta, Mama mdogo. Kilete mwenyewe, umsomee sura ya kwanza, nami nikae pembeni nimsikie akikukatiza wewe.

Ni mimi mwanao,
mwenye sauti ndogo