Mama, Nimemtaja Kicheko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi sijambo, ila viatu vimezeeka kabla yangu.

Mafunzo yamekwisha, Mama, na nimefaulu. Mwanao sasa ni afisa afya wa jamii. Nimeyasema maneno hayo mbele ya kioo mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nina homa.

Mkufunzi wetu ni mama mwembamba mwenye sauti nzito. Tunamwita Polepole, maana ndilo neno lake. Darasani nilikuwa moto. Maswali ya chanjo niliyajibu kabla hajamaliza kuuliza. Basi surua ilipozuka katika mtaa ulio nyuma ya machimbo ya kokoto, alitupeleka huko kujifunza kwa vitendo, nami nikaenda kifua mbele. Nyumba ya kwanza nilieleza dalili, madhara, ratiba, kila kitu. Mwenye nyumba alinisikiliza kwa adabu, kisha akafunga mlango. Ya pili vilevile. Polepole hakunigombeza. Alisema tu kwamba ninaongea vizuri mno, na kwamba kesho yake nijaribu kunyamaza.

Nikanyamaza. Niliteka maji bombani na wanawake, nikawashikia watoto, nikasikia mengi. Kumbe waliwahi kuja watu wa chanjo wakiwa na askari, wakawakamata watoto kwa nguvu. Tangu hapo, wakiona begi la afya, wanawaficha watoto uvunguni. Nilimweleza Polepole, naye akaenda kuwakabili wakubwa wa afya. Hakuna askari aliyekanyaga tena pale.

Milango ikaanza kufunguka, ukabaki wa mshonaji mmoja mwenye watoto pacha. Mmoja alikuwa na vipele, macho mekundu, anahema kwa shida, lakini baba yao alikuwa amekataa katakata. Nilikaa na mama yao kizingitini, yeye akipiga pindo la gauni la mteja.

“Wewe dada, una mtoto?” akaniuliza.

Nikamwambia sina.

“Basi utajuaje?”

Hapo, Mama, ndipo lilipo jambo langu. Nilimtaja Kicheko. Najua nyumbani hatumtaji. Tangu mdogo wangu atutoke, nimekiheshimu kimya chako. Lakini nilimwambia yule mama kwamba surua ilimchukua, kwamba alikuwa akicheka hata usingizini, na kwamba ulimbeba mgongoni mpaka zahanati ukaikuta imefungwa, kwa kuwa mhudumu hakuwepo. Nililia, Mama, nikiwa na sare yangu mpya.

Mshonaji akaweka sindano chini. “Ngoja nimwite baba yao,” akasema.

Baba yao alikubali. Mgonjwa alilazwa, akapona. Pacha mwenzake alichanjwa siku ileile na hakuugua. Siku hizi nikipita pale wananikimbilia, wananinyang’anya kofia.

Sasa Polepole ameniomba nibaki, niwafundishe wanafunzi wapya namna ya kuingia katika nyumba za watu. Angependa niwasimulie habari hiyo. Nilimjibu kwamba habari ile ina mwenyewe, na sharti nimuulize. Ukikataa, sitaisimulia tena, wala sitakulaumu hata moyoni. Ila nakushukuru kwa mwendo wa siku ile. Nilikuwa nimeshika upindo wa khanga yako mbele ya mlango ule uliofungwa, na nadhani ni pale nilipoamua kuwa mtu wa kuwepo.

Likizo yangu i karibu. Ukipenda, tukae sebuleni, wewe na mimi na Baba, mnisimulie mtoto wenu. Nakumbuka kwamba alicheka sana. Sauti yenyewe imenitoka.

Mpe Baba shikamoo yangu, na shangazi mwambie sweta lake ndilo blanketi langu. Polepole anakusalimu, anasema ahsante kwa kumwazima binti.

Nakubusu mikono,

Binti yako mkubwa