Daktari Anayesikia Mluzi

Shangazi mpendwa, nishike mkono maana nazama, mimi ni daktari wa zahanati mwaka wa kumi na moja sasa na hili siwezi kumwambia mtu kazini, miezi miwili iliyopita mama mmoja alileta kichanga wake wa wiki sita, anapiga chafya, hanyonyi vizuri, foleni imefika mlangoni, nikamwambia ni mafua tu mama, nenda nyumbani, akaniuliza mara mbili, "Daktari, una uhakika?" mimi nikacheka, na siku ya tatu akarudi naye mbavu zinabonyea, kifua kinapiga mluzi mwembamba, na hatukuwahi kumwokoa. Baadaye nilivuta droo nikakuta kijitabu cha mafunzo kuhusu RSV, virusi vinavyoshambulia mapafu ya vichanga, kabla ya kukitupia humo mwaka mzima nilikuwa nakiwekea kikombe cha chai, duara la chai limekauka juu ya picha ya mtoto. Tangu hapo yule mama huja kila Alhamisi, anakaa benchi lile lile, hana mtoto, hana kadi, muuguzi akimwita anatikisa kichwa, na mimi nikiweka kipimo cha kusikilizia kwenye kifua cha mgonjwa yeyote, hata mzee, nausikia ule mluzi, nimebadilisha kipimo, bado upo, juzi kajimafua kananisumbua nikajipima mwenyewe, nikausikia ndani yangu. Je, ni yule mtoto ananifuata? Jumamosi naenda kwa mdogo wangu, amejifungua siku tisa zilizopita, anataka nimpakate mwanawe nimsikilize kifua, na naogopa nitakachosikia.

Daktari wa Chumba Namba Mbili

Pole, daktari. Pole kweli. Sasa kaa kitako nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nywele zimenisimama, wala si kwa sababu ya mama wa benchini. Kajimafua! Neno lile lile ulilomrudishia mtoto wa watu nyumbani, leo unajiambia mwenyewe, halafu ukampakate kichanga wa siku tisa? Huo mluzi wa wagonjwa wengine sijui ni nini na sitajidai kujua. Huo wa kifuani mwako naujua. Unaumwa.

Jumamosi huendi. Mpigie mdogo wako leo, mwambie sababu bila kuficha. Anayekohoa asimsogelee mtoto, mikono ioshwe kwa sabuni, na mdogo wako amuulize daktari wa watoto kama sindano ya kumkinga kichanga inapatikana huko kwenu. Wewe nenda kapimwe. Kisha kitoe hicho kijitabu kwenye droo, ukisome na wenzako wote, maana ipo chanjo anayopewa mjamzito imkinge mwanawe kabla hajazaliwa. Wajawazito wangapi wamepita mbele yako hukuwaambia hata waulizie? Wewe ndiye uliyetakiwa kujua, mwanangu, na hilo siwezi kukupunguzia.

Alhamisi ya kwanza ukishapona, toka chumbani kwako ukaketi kwenye lile benchi. Yule mama alikuuliza mara mbili kama una uhakika. Bado anasubiri umjibu.