Mlenda wa Mama Gemu

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikasubiri, kama vile ungeitikia kutoka chumbani. Mazoea hayajanitoka.

Tumerudi juzi kutoka kukuzika. Tulikuvusha Kigongo asubuhi, ziwa limetulia, na wanawake wa Igogo wakaimba tangu pantoni inaondoka mpaka inafika Busisi. Aliyekuwa anaanzisha nyimbo ni Mama Pendo. Ndiyo, huyo huyo. Ndiye pia aliyekuosha na kukusuka nywele. Aliponiona nalia akaniambia, "Shangazi yako alikuwa hatishiki." Basi nikakumbuka yote.

Kiwanda cha pamba kilipouzwa wakawapunguza, wenzako waliingia kwenye dagaa na vitumbua. Wewe kiinua mgongo chako ukanunulia televisheni na mashine ya gemu, mtumba, kwa kijana aliyekuwa analeta bidhaa kutoka Dubai. Mjane, mtu mzima, anafungua chumba cha gemu! Watu walicheka. Wakakubandika jina la Mama Gemu, nawe ukaliitikia kama ulibatizwa nalo.

Na yule Mlenda wako. Kwenye ile gemu ya mtu mdogo anayerukaruka mapangoni, alikuwa adui wa mwanzo kabisa, kabla hujafika kwa wakubwa wanaotema moto. Kidude cha kijani, macho mawili juu ya ute. Kinadondoka kutoka juu ya pango, kinajivuta, kinaacha utelezi nyuma, na kikikugusa umekufa. Watoto ndio waliokiita Mlenda, kama ile mboga ya utelezi, na walikiruka bila hata kukitazama. Wewe hukuwahi kukivuka. Hata siku moja, Shangazi! Unakaa na pedi yako ya kuchezea umeishika kama unapepeta mchele, Mlenda anakuja polepole, na kitufe unakibonyeza umeshachelewa. "Kanipata tena, mshenzi huyu!" Ulimpenda kweli. Ulikuwa unasema, "Mwangalieni. Hana hata mguu, lakini kila siku yuko kazini."

Halafu Pendo akaanza kuota. Mtoto mdogo, hajaanza hata shule, anaamka anapiga kelele kwamba Mlenda yuko ukutani, anamlamba miguu. Mama yake akasema bombani, na kutoka bombani maneno yakafika sokoni: yule mjane mwenye macho mekundu anafuga kitu chenye utelezi, anakituma kwa watoto wa watu. Macho yako yaliharibiwa na vumbi la pamba, mimi na wewe tulijua. Lakini tulijua pia maneno ya uchawi kama yale yanawafikisha wapi wanawake wa huku kwetu: kwenye mapanga. Baba alituma mtu kusema uhame upesi. Mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zetu kwenye kanga. Ukanikuta.

"Fungua," ukasema. "Nikikimbia watasema ni kweli."

Jumamosi, mchana kweupe, ukaitoa televisheni uani, waya umepitishwa dirishani. Ukaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mama Pendo. Nilikufuata. Hukufoka. Ulimwambia, "Mdogo wangu, twende ukamwone huyo anayemtesa mtoto. Na Pendo mlete." Akaja, na nyuma yake ua ukajaa watu. Wanaume wengine walisimama wamekunja mikono. Hakuna aliyesalimia.

Ukacheza. Mlenda akadondoka, ukafa. Ukaanza upya, ukafa. "Kanipata tena, mshenzi huyu!" Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Ukafa tena. Na Pendo, aliyekuwa amejificha kwenye kanga ya mama yake, akapiga kelele, "Ruka, Mama Gemu! Si uruke!"

Ukampa mama yake pedi. Pendo akamkandamizia kidole kwenye kitufe, wakaruka pamoja, wakamwangukia Mlenda kichwani. Akapasuka kama nyanya iliyooza. Mama Pendo akapiga kigelegele, kisha akaziba mdomo.

"Kumbe ni kapicha," akasema. "Kapicha tu."

Wale wanaume wakakunjua mikono. Mmoja akaomba zamu.

Walipoondoka nilikuletea chai, ukashindwa kushika kikombe. Chai yote ikamwagika mapajani. Nikakuuliza kama uliogopa. "Sana, mwanangu. Sana." Kwa hiyo Mama Pendo hajapatia. Ulikuwa unatishika kama sisi wote. Ulikwenda hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na sikukuambia. Nilidhani unajua.

Chumba bado kinafunguliwa, umeme ukiwepo. Pendo yuko shule sasa na hakuna mtoto anayemweza. Kiti chako watoto wamekiacha wazi, sikuwaambia mimi.

Nakuandikia kwa sababu moja zaidi. Hapa Kiseke ninapopanga kuna bibi anaishi peke yake, anauza mchicha. Watu wameacha kununua kwake. Jana nilisikia wawili wananong'ona juu ya macho yake mekundu. Kesho ni Jumapili. Ibada ikiisha, njia ikiwa imejaa watu, nitatandika mkeka mlangoni kwake, nikae naye nichambue maharage, na kila anayepita nimsalimie kwa jina lake. Na Jumatatu nikitoka kazini nitarudi.

Pumzika, Shangazi. Nitaogopa. Nitakwenda.

Mwana wa kaka yako,
Leticia