Gari la Baba Limepanda Mlima

Kijiji cha Mkumbi,
Mbinga.
9 Julai 2024

Mpendwa dada Gaudiosa,

Shikamoo. Natumaini huko Tabora mnaamka salama, wewe, shemeji na watoto. Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo. Kahawa tunachuma, na baridi ya mwaka huu ni kali.

Uliniuliza kwenye simu gari lilikuwa na nini siku ile. Sasa najua. Tulipokuwa tunampeleka Baba hospitali, injini ilizimika katikati ya mlima, ikawaka, ikazimika tena. Baba alikuwa ameegemea bega la Mama. Akasema, "Msilisukume, mtachoka." Hakusema tena neno lingine. Yaliyofuata unayajua.

Baada ya maziko niliacha gari nyuma ya ghala, sikutaka kuliona. Binamu yetu Dunstan, yule fundi, akaja bila kuitwa. Mafundi waliolishika kabla yake walikuwa wakibadilisha sensa tu, vile vifaa vinavyopima hali ya injini. Yeye alipima, akakuta sensa zote ni nzima. Kilichoharibika ni waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi ya gari. Ulikuwa umeliwa na kutu, kwa hiyo sensa zilipeleka taarifa za uongo na injini ikajizima.

Tulikwangua kutu na rangi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga waya mpya mnene kutoka upande wa hasi wa betri hadi kwenye injini, na mwingine hadi kwenye bodi, tukapaka grisi. Kazi ya asubuhi moja, dada. Injini ikatulia. Dunstan akaniangalia, akingoja niseme kitu. Sikufurahi, sikulia. Nilikwenda kunawa mikono.

Jumapili jirani yetu Aurelia alishikwa na uchungu, mumewe akaja kuomba gari. Nilisimama tu. Mama ndiye aliyeleta ufunguo, akaniwekea mkononi, akapanda mbele.

"Twende, Damiano."

Pale mlimani gari lilipita bila kusita. Aurelia amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Kuhusu lile wazo la kuliuza gari, Mama hataki. Mimi bado sijui ninachotaka.

Jumapili hiyo, wakati wa kurudi kutoka hospitali, Mama aliniomba nisimame palepale mlimani lilipozimika siku ile. Nikazima injini. Mama akalia sana, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nilishika usukani, nikamngoja. Alipomaliza akajifuta na kitenge, akaniashiria kwa kichwa twende. Nikawasha. Likawaka mara moja.

Wasalimie shemeji Benno na mdogo wetu Lidia. Mungu awafunike huko mliko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Damiano