Pipa la Kwenye Skrini

Mdogo wangu,

Kabla sijakujulia hali, nikutajie kilichopotea. Jana Jumanne, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, sauti ya mama haikuwepo tena kwenye kompyuta yangu. Rekodi thelathini na nane, zote. Sasa salamu. Natumaini ulifika salama na mgongo umepona baada ya safari ya saa kumi na moja. Mimi mwili mzima. Ya moyoni utayasoma huko mbele.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta nimeizima na duka la kuchapa nimelifunga. Jana nilikupigia simu mara sita. Mara mbili ulisema uko kwenye kikao, mara nne ulikata simu. Barua huwezi kuikata, ndiyo maana nampa dereva wa gari la magazeti, naye kaniahidi utaipata kesho.

Nianze na haki yako, nisije nikaitwa dada asiye na shukrani. Siku tatu ulizokaa hapa uliitengeneza mashine ile ikawa kama mpya. Zamani ilichukua dakika nne na nusu kuwaka. Ulipozizuia programu zinazojifungua zenyewe, ikawa sekunde hamsini. Niliipima kwa saa ya mkononi. Herufi ulizikuza, nikaacha kukunja uso kama mtu anayeonja ndimu. Mwanga wa skrini uliupunguza, macho yakaacha kuniwasha. Picha ya milima iliyokuja na kompyuta uliiondoa, ukaweka ya mlango wa nyumba yetu, mama kakaa kizingitini. Kazi za wateja ulizipanga kwa mafolda ya mwaka na mwezi. Barua niliyokuwa naitafuta robo saa sasa naipata kwa mibonyezo mitatu. Fundi cherehani wa jirani alichungulia, akasema kompyuta hii sasa imepata mume. Tulicheka. Nilikuwa sijacheka na mtu ndani ya duka lile tangu mazishi, na ni miezi saba.

Ukabandika na karatasi ukutani, mambo tisa ya kufuata. La nne: ukikosea, bonyeza Ctrl na Z, kosa litafutika. La tisa: mwaga pipa la taka kila wiki, mashine ipumue.

Mdogo wangu, rekodi za mama zilikuwa kwenye pipa.

Cheka kwanza, nitakungoja. Halafu ufikirie duka langu lilivyo. Wateja hukaa kwenye kiti changu, kila mmoja na flashi yake, na hufungua kila folda wanayoiona. Mmoja alifungua picha za mazishi akaniuliza marehemu alikuwa nani. Nikaona mahali pekee ambapo mtu hapekui ni kwenye taka, nikazitupa humo makusudi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilirudisha moja, nikaisikiliza, nikaitupa tena. Miezi saba haikupotea hata moja. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe kwa kuangalia mikono ya watu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pipa si sanduku. Kwingine hazipo; simu niliyorekodia ilizama ndooni siku nyingi.

Juzi Jumatatu sikufungua duka, nilikusindikiza stendi. Jana nilibonyeza Ctrl na Z mara kumi na nne. Jambo la nne haliliwezi jambo la tisa. Ungeliandika na hilo.

Fundi kompyuta kanikataza kuiwasha, maana kila kipya kinachoandikwa kinaweza kukalia kilichofutwa. Atakuja Jumamosi saa nne asubuhi aitoe diski ajaribu kuzirudisha. Kasema diski ni kuukuu, inaweza kumfia mkononi pamoja na kazi zangu za miaka tisa. Kanipa matumaini manne kwa kumi. Duka hili nililisimamisha bila mjomba wa kunishika mkono, hesabu naijua: sita ni kubwa kuliko nne.

Tangu jana nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ya jirani ikiunguruma. Nilipika chakula cha mtu mmoja, kikabaki.

Sasa nikuambie nililokuficha. Unajua mama aliacha kuona mwaka mmoja kabla hajatutoka. Kila Ijumaa aliuliza kama Kitinda wake kaandika. Hukuandika. Nikaanza kukuandikia mimi, kwa jina lako. Nilichapa barua zako kwenye kompyuta ile ile, nikamsomea: umepandishwa cheo, unamkumbuka, miguu yake inaendeleaje, utakuja mvua zikiisha. Barua kumi na tisa, zote uongo wangu. Nusu ya rekodi zile ni mimi nikisoma na mama akicheka. Ya thelathini na nane haina barua. Ni mama peke yake, siku nne kabla ya mwisho, anasema: “Umemsemea vizuri mdogo wako. Nilijua tangu ile ya kwanza, Kitinda hawezi kukumbuka miguu yangu. Asante, mwanangu. Sasa pumzika.”

Asubuhi nyingi niliyoirudisha ilikuwa hiyo.

Kabla sijazima, nilitazama orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Namba thelathini na nane ilifunguliwa Jumapili, saa kumi na dakika ishirini jioni. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua karatasi. Niliporudi ulikuwa umeelekea ukutani unabandika yale mambo yako tisa, ukaniambia umefuta takataka tu, dada, wala hukugeuka. Na flashi yako ya bluu ilikuwa bado imechomekwa.

Kusikia sikulaumu. Na kama aibu ndiyo iliyobonyeza, aibu hiyo naijua, nimekaa nayo barua kumi na tisa. Lakini kama ulizinakili, sina sababu ya kuiweka diski yangu rehani.

Msalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao hajambo, na picha ya mlango bado ipo, ila imezimwa.

Nipigie kabla ya Jumamosi saa nne, fundi hajashika bisibisi. Usinipe maelezo, usiniombe samahani, na usiniambie uko kwenye kikao. Sema ninazo, au sema sina.

Ni mimi dada yako